Allidina Visram na maduka yaliyojengwa juu ya kauli

DUMILA, mji mdogo wa wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, huishi kwa barabara. Malori yaendayo Dodoma na yale yashukayo Dar es Salaam husimama hapo, matenga ya nyanya hupakiwa, na mwenye duka asiye na mtaji wa kutosha huchukua sabuni na sukari kwa mali kauli: abebe leo, alipe akishauza.

Desturi hiyo ni kongwe kuliko lami. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo na Saadani ilipita Mamboya, katika milima ya Ukaguru iliyo magharibi ya Dumila, kabla ya kufika Mpwapwa. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilizokuwa mabegani mwa wapagazi mara nyingi zilikuwa hazijalipiwa.

Katika biashara ya misafara hiyo ndimo alimolelewa Allidina Visram. Alizaliwa mwaka 1851 Kera, katika nchi ya Kutch, magharibi mwa India, na mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alivuka bahari kuja Afrika Mashariki. Huko Bagamoyo alifanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewapatia wasafiri wapagazi na bidhaa.

Bwana na kijana wake walikuwa Waismailia, wafuasi wa Aga Khan. Katika jamaa hiyo mwumini hutoa sehemu ya mapato yake kwa Imamu, na kumpokea mgeni asiye na kitu ni wajibu wa dini. Sewa Haji alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa watoto wa rangi zote, na fedha zake zikajenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897, na jina lake lingali likitajwa kila siku Muhimbili, katika jengo la Sewahaji.

Allidina aliyafuata hayo, lakini yeye aliyaingiza dukani. Kijana aliyewasili kutoka Kutch alipata kwake chakula na malazi, akafundishwa kuandika daftari la hesabu, kisha akapelekwa bara na shehena ya kukopa. Aliyefanikiwa alifungua duka lake mwenyewe na kuendelea kununua kwa Allidina. Hivyo matawi yake yalienea Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji, hadi Kongo.

Ni nani angemfuata mdaiwa Ujiji katika miaka hiyo? Mahakama zilikuwa mbali. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kilicholinda deni ni jamatkhana, mahali ambapo kila mtu alijulikana yeye na wazazi wake. Mwenye kuvunja kauli alipoteza mkopo pamoja na heshima yake mbele ya wenzake katika ibada.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, Allidina aliifuata kwa maduka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, naye alikuwa amekwisha kujiimarisha Kampala. Matawi yake yalizidi 100. Alinunua pamba, akaanzisha viwanda vya kuichambua, akamiliki mashamba na vyombo vya kusafiri katika Ziwa Victoria. Aga Khan alimpa cheo cha Varas. Sadaka zake hazikuishia kwa jamaa yake: alichangia hata ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na ukuta. Utajiri wa mwanzo ulitokana na pembe za ndovu na migongo ya wapagazi, na mali kauli ilizunguka zaidi miongoni mwa Wahindi. Mwafrika alikuwa mbebaji na mnunuzi, si mwenye tawi. Baadaye serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliukaza ukuta huo kwa sheria ya mwaka 1931, ambayo ilifanya deni la Mwafrika lisidaike mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Muuza duka wa Dumila anayebeba katoni kwa ahadi tu angeonekana jambo la ajabu siku zile.

Allidina alifariki mwaka 1916. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi mtandao uliosimama juu ya kuaminiana na mtu mmoja aliyewajua mawakala wake wote, na nyakati ngumu za biashara baada ya vita zikamkuta humo. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na haukupita muda mrefu kampuni ikavunjika.

Mwaka huohuo wa 1923 ilifunguliwa Mombasa shule ambayo Abdulrasul aliijenga kwa kumbukumbu ya baba yake. Ingali ikifundisha, na lango lake lina jina la Allidina Visram.