Kazadi Mwamba: kipa wa Mazembe aliyefichwa na dakika 21

Timu ya mpira ikitoka Lubumbashi kwenda kucheza mbali, inapitia Luano. Mizigo inapimwa, wachezaji wamevaa sare moja, na mbele ya kupanda ndege mpiga picha anawapanga: warefu nyuma, wafupi mbele, kocha pembeni. Watoto wa Lubumbashi wamekua na picha za namna hiyo, ukutani kwa baba, siku hizi katika telefone. Katika zile za zamani za Mazembe, nyeusi na nyeupe, za wakati timu ingali inaitwa Englebert, kuna kijana ambaye jezi yake haifanani na za wenzake. Huyo ni Kazadi Mwamba, kipa.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947. Leo ukitaja jina lake nje ya Katanga, wengi wanakumbuka dakika 21 tu, za tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Tutafika huko. Lakini mtu huyu alikuwa na miaka saba ya ushindi mbele ya dakika hizo, na si haki kuanzia mwisho.

Alipokuwa kijana mdogo, jina la Luano lilisikika duniani kwa mambo mabaya. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba alishushwa pale kutoka ndegeni akiwa amefungwa, na usiku huohuo akauawa. Mwaka uleule askari wa Umoja wa Mataifa walipigana na wale wa Moïse Tshombe. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966. Mwaka mmoja kisha ya hapo, mji huu ukapata habari nyingine ya kutangaza.

Mwaka wa 1967 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ikakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi ilikuwa 1-1, Kinshasa 2-2. Mechi ya tatu ilipangwa kuchezwa Kamerun. Kotoko hawakuonekana uwanjani, na kombe likapewa Englebert. Wenye wivu walisema ni kombe la bure. Jibu lilikuja mwaka wa 1968: Étoile Filante ya Lomé ilifungwa mabao 5-0, na hata iliposhinda 4-1 kwao, hesabu ilikuwa imekwisha. Hakuna klabu iliyokuwa imelichukua kombe hilo mara mbili mfululizo. Ilibidi kungoja mpaka mwaka wa 2004 ili Enyimba ya Nigeria irudie jambo hilo. Englebert ilicheza fainali tena mwaka wa 1969 na 1970, ikashindwa mara zote mbili, na Ismaily ya Misri, kisha na Kotoko walewale.

Katikati ya safari hizo, Kazadi alikwenda Ethiopia na timu ya taifa. Ilikuwa Januari 1968, Kombe la Afrika. Ghana walikuwa wamelichukua mara mbili mfululizo, mwaka wa 1963 na 1965, na katika makundi walikuwa wameifunga Congo 2-1. Katika fainali, tarehe 21 Januari mjini Addis Ababa, Pierre Kalala alifunga bao moja, na Ghana hawakupata njia ya kumpita Kazadi. Ndilo kombe la kwanza la inchi yetu. Kazadi alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, naye alikuwa na miaka 20. Kipa kuchaguliwa mbele ya washambuliaji, hata leo, ni jambo la nadra.

Je, picha za mikono yake siku ile ziko wapi? Hapa inafaa kusema neno juu ya kazi ya wapiga picha. Wakati ule filamu ilikuwa na nafasi 12 katika mashini kubwa, au 36 katika zile ndogo. Filamu ilinunuliwa kwa bei kali, na mpiga picha hakuweza kufyatua ovyo. Picha ya kwanza, ile isiyokosekana, ilikuwa ya timu nzima mbele ya mechi: mstari mmoja umesimama, mwingine umechuchumaa, watu 11 wametulia kwa muda usiofika dakika. Ile ilikuwa na soko. Gazeti liliinunua, na studio iliweza kuitoa tena kwa wapenzi wa timu. Kisha mpiga picha alikwenda kukaa nyuma ya goli, na hakukaa nyuma ya goli lolote tu. Alichagua goli la timu anayodhani itafungwa, maana ndipo mpira utakapoingia.

Kwa kipa, maana yake ni hii: siku anayotazamiwa kushinda, kamera nyingi ziko upande mwingine, mbali naye. Siku anayotazamiwa kushindwa, zote ziko mgongoni mwake. Tena mpira uliozuiwa unapita kwa nukta moja na hauonekani katika hesabu ya mechi, lakini uliotikisa wavu una tarehe, dakika na jina la mfungaji. Ndiyo sababu miaka mizuri ya Kazadi imebaki zaidi katika vinywa vya wazee wa Kamalondo kuliko katika karatasi.

Miaka ya 1970 ilipoanza, majina yalibadilika. Congo ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, majina ya Kizungu yakakatazwa, na Robert Kazadi akabaki Kazadi Mwamba. Englebert, ambayo lilikuwa jina la kiwanda cha matairi, ikawa Mazembe. Ukuta wa timu ya taifa ulikuwa kwa sehemu kubwa ukuta wa Lubumbashi: Kazadi golini, na mbele yake Mwepu Ilunga, Mukombo Mwanza na Bwanga Tshimen, wote wa Mazembe. Gazeti la France Football lilipotoa zawadi ya mchezaji bora wa Afrika wa mwaka wa 1973, wa kwanza alikuwa Bwanga, wa pili Kazadi. Beki na kipa wa klabu moja, ya mji mmoja!

Mwaka ule Zaire iliishinda Zambia nyumbani na ugenini, kisha ikaifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa, na kuwa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Mnamo Machi 1974, nchini Misri, ilichukua Kombe la Afrika mara ya pili. Waliocheza fainali walikuwa tena Wazambia, jirani zetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa. Ilichezwa mara mbili, 2-2 kisha 2-0, na mabao yote manne ya Zaire yalikuwa ya Mulamba Ndaye.

Sasa Ujerumani. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Scotland ilishinda 2-0, na haikuwa aibu. Aibu ilitengenezwa kati ya mechi ya kwanza na ya pili. Wachezaji wamesimulia baadaye kwamba walipata habari kuwa feza walizoahidiwa hazitawafikia, wakataka kugoma, kisha wakashawishiwa kuingia uwanjani. Waliingia miili tu. Kocha wao, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na aliyekuwa akiwangoja upande wa pili ni Yugoslavia.

Picha ya timu ilipigwa kama kawaida. Kisha Bajević akafunga dakika ya 8, Džajić ya 14, Šurjak ya 18. Dakika ya 21 Kazadi akaitwa nje, bila kuumia, na Tubilandu Ndimbi wa Vita Club akaingia. Nani aliyetoa amri ile? Kuna wanaosema ni kocha, kuna wanaosema ni wakubwa waliotumwa na serikali. Kinachoshangaza ni kwamba Vidinić mwenyewe alikuwa kipa, mshindi wa medali ya zahabu ya Olimpiki mwaka wa 1960, na alijua vizuri jambo hilo linamfanyia nini mlinda mlango. Dakika moja baadaye Tubilandu alikuwa anaokota mpira wavuni. Mechi iliisha 9-0. Kwa maneno mengine, Kazadi alifungwa matatu, na sita yaliingia yeye akiwa amekaa benchi. Lakini nenda kawaulize watu kipa wa mabao tisa ni nani.

Siku nne baadaye, dhidi ya Brazil, alirudishwa golini. Mwepu alisimulia kisha ya miaka mingi kwamba watu wa Mobutu walikuwa wamewaonya: wakifungwa zaidi ya matatu, wasifikiri juu ya kurudi nyumbani. Brazil nayo ilihitaji matatu ili ipite mbele ya Scotland. Jairzinho alifunga moja, Rivelino la pili, na dakika ya 79 shuti la Valdomiro kutoka kulia likapita chini ya mwili wa Kazadi. Lile la tatu lilikuwa kosa lake, tuseme wazi. La nne halikuingia.

Wale Léopards walirudi bila ngoma za kuwapokea. Wakati wa ushindi walikuwa wamepewa nyumba na magari. Kisha ya Ujerumani walisahauliwa, na wengi wao walizeeka katika umaskini. Kazadi alifariki mwaka wa 1996, hajafika miaka 50, inchi ingali inaitwa Zaire. Mwepu alimfuata mwaka wa 2015.

Kuna filamu moja ya mechi ya Brazil ambayo dunia haijachoka kuitazama. Wabrazil wako na mpira wa adhabu, na kabla hawajaupiga, Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali. Watu wanamcheka Mwepu. Nyuma yake, golini, Kazadi alikuwa amejipanga kuungoja mguu wa Rivelino.