Columba, Mnakili wa Vitabu

Katika mwaka 521 alizaliwa mtoto wa ukoo wa kifalme huko Gartan, upande wa kaskazini wa nchi ya Ayalandi. Watu walimwita Colum Cille, maana yake Njiwa wa Kanisa. Lakini msidhani, enyi wasomaji, kwamba alikuwa mpole kama njiwa. Hasira yake ilikuwa kali.

Alifundishwa na watawa, na kazi aliyoipenda sana ilikuwa kunakili vitabu. Siku zile hapakuwa na mitambo ya kupiga chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya, juu ya ngozi ya ndama iliyoparuzwa hata ikawa laini. Kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa mali kubwa.

Hadithi ya kale yasimulia ya kuwa Columba alinakili kwa siri Zaburi za mwalimu wake Finnian. Mwalimu alipojua, aliidai nakala ile, na Columba akakataa kuitoa. Shauri likafika kwa Mfalme Diarmait, naye akaamua kwamba kama ndama alivyo wa mwenye ng'ombe, ndivyo nakala ilivyo ya mwenye kitabu. Ikiwa chanzo kilikuwa hicho au kingine, vita vilitokea kweli huko Cúl Dreimne, karibu na mwaka 561. Jamaa za Columba wakamshinda mfalme, na watu wengi wakafa.

Miaka miwili baadaye Columba aliiacha nchi yake. Akapanda chombo cha fito kilichowambwa ngozi, pamoja na wenzake kumi na wawili, akavuka bahari mpaka Iona, kisiwa kidogo cha Uskoti. Huko wakajenga kanisa na vibanda, wakalima, wakafundisha. Naye akaendelea kunakili.

Abati Adomnán, aliyeandika habari zake miaka mia hivi baadaye, aeleza siku yake ya mwisho, mwezi wa Juni, 597. Farasi mweupe, mchukuzi wa maziwa, alimlazia kichwa kifuani akatoa machozi. Mtumishi alitaka kumfukuza, Columba akamkataza. Kisha akaketi kunakili Zaburi, na alipofika mwisho wa ukurasa akaweka kalamu chini, akaagiza Baithéne aandike yaliyobaki. Usiku ule akafa kanisani, mbele ya madhabahu.

Hata leo, katika Ayalandi na Uskoti, yako makanisa mengi yenye jina lake, na bonde moja karibu na bahari huko Donegal laitwa Glencolumbkille. Na mjini Dublin chatunzwa kitabu cha Zaburi cha kale sana, kilichobakiwa na kurasa 58 za ngozi, ambacho kwa mapokeo husemwa ni kazi ya mkono wake. Kwa karne nyingi watu wa ukoo wake, akina O'Donnell, walikichukua pamoja nao walipokwenda vitani.