Pachi Haivuliwi Hivi Hivi: Stori ya Koitalel na Rungu Zake Tatu

Umeona wale wasee wa piki kubwa wakipita Uganda Road hapa Eldy, jaketi ya ngozi imejaa viraka mgongoni? Wenyewe wanaita pachi. Usidhani ni fashoni. Kwa zile klabu ngumu za Marekani, ambako hii mambo ilitoka, pachi kamili huwa na vipande vitatu: juu jina la klabu, katikati nembo, chini eneo lao. Hainunuliwi dukani. Unatumikia mbogi kwanza, miezi hata miaka, ndio wakupe. Na msee wa klabu ingine akikuvua, hiyo ni vita, buda.

Sasa twende Nandi, hapo tu jirani. Koitalel arap Samoei hakuwahi kupanda nduthi, lakini hii sheria angeielewa haraka kuliko mimi na wewe. Alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, na alama za cheo chake zilikuwa rungu tatu. Na hakupewa tu kwa sababu ya damu. Babake, Kimnyole, alikuwa Orkoiyot pia, na Wanandi wenyewe walimpiga hadi akafa mwaka wa 1890, wakimlaumu kwa balaa zilizowakuta. Halafu kiti kikagombaniwa. Kakake Kipchomber alishindwa, akahepa kwa Wakipsigis.

Kutoka 1895 hadi 1905, Koitalel aliwasumbua Waingereza waliokuwa wanaleta reli. Miaka kumi, jo! Vijana wake walikuwa wanang'oa waya za telegrafu wanatengeneza mapambo (hapo lazima ucheke).

Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwa mazungumzo ya amani na afisa mmoja, Richard Meinertzhagen. Alipigwa risasi hapo hapo, pamoja na wazee aliokuja nao. Meinertzhagen alidai alikuwa anaepa mtego, na mabosi wake wakamsafisha, ingawa mwaka uliofuata alitolewa Kenya. Mimi simwamini, kwa sababu hii moja: alizichukua zile rungu akaenda nazo kwao Uingereza. Mtu aliyejitetea tu anabeba rungu za maiti za nini?

Wanandi walibaki bila kiongozi na bila alama zake. Mtoto wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alifungwa na wakoloni 1923 na akaachiliwa 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Alizeeka ndani, na rungu za babake bado ziko kwa nyumba ya mzungu.

Zilirudi 2006, miaka 101 baadaye. Aliyezirudisha ni mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Leo ziko kwa makumbusho ya Koitalel, Nandi Hills. Ukitoka Eldy na nduthi yako, pitia Mosoriot, shika Kapsabet, halafu panda Nandi Hills. Ukifika, vua helmeti kabla uingie.