Alikosa Nini Padre Johnson?

Tumezoea kusema kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Neno hilo humfariji aliyedhulumiwa, lakini mara nyingi humgeuza mteswa kuwa mshtakiwa. Mvuvi akizama, mtoto akizaliwa kipofu, twauliza ni kosa la nani linalolipwa.

Yafaa basi tukumbuke maisha ya mzee aliyezikwa Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali palipokuwa zamani katika Wilaya ya Mbinga. William Percival Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa padre wa Kianglikana. Mwaka 1882 alifika ziwani pamoja na mwenzake, Charles Janson, naye Janson akafa mwaka huo huo. Mwaka 1884 Johnson mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa macho uliomwachia nuru kidogo tu. Na mwaka 1895 rafiki yake Chauncy Maples, aliyekuwa ametoka kupewa uaskofu, alizama katika ziwa hilo hilo akiwarudia watu wake.

Je, walikosa nini watu hawa? Hatuoni kosa, ila tunaona kazi. Johnson, pamoja na upofu wake, alirudi ziwani, akazunguka vijiji vya mwambao miaka zaidi ya arobaini, akatafsiri Biblia kwa Kinyanja, hata alipofariki Liuli mwaka 1928.

Mbona basi twapenda kumtafutia mteswa kosa? Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, walieleza jaribio lao. Watu walimtazama mwanamke aliyeonekana kuumizwa kwa umeme. Waliodhani kwamba mateso yake yataendelea, nao hawana la kufanya, walianza kumwona kuwa mtu duni. Ndivyo tulivyo. Tukisema jirani amejitakia, twajipatia usalama wa bure: sisi tusiokosa hayatatupata. Kumbe hiyo si haki, bali ni hofu iliyovaa kanzu ya haki, nayo huifunga mikono yetu tusimsaidie.

Mitume nao walimwuliza Bwana Yesu habari za yule aliyezaliwa kipofu, kama amekosa yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili, kisha akamponya.

Tuingiapo nyumba yenye msiba, tusiulize mwenyeji amefanya nini. Tuulize anahitaji nini. Hujafa hujaumbika.