Rembrandt na Siri ya Uso

Kiswahili husema mtu hukunja uso na kuukunjua, kana kwamba uso ni kitambaa kilichofunika jambo. Mchoraji aliyelitafuta jambo hilo kuliko wengi ni Rembrandt, mwana wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, aliyezaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1606.

Alipohamia Amsterdam, matajiri walimkimbilia awachore. Mwaka wa 1634 alimwoa Saskia. Mwaka wa 1639 akanunua jumba la fahari kwa gilda 13,000, fedha ambazo hakuwa nazo. Watoto wao watatu walikufa wachanga, akasalia Titus. Saskia naye akafariki mwaka wa 1642.

Aghalabu husimuliwa kwamba mchoro wake mkubwa wa walinzi wa jiji, wa mwaka uo huo, uliwaudhi wateja ukamfukarisha. La hasha! Kilichomfilisi mwaka wa 1656 ni deni la nyumba pamoja na uchu wa kununua vitu vya sanaa. Mali yake ilipigwa mnada, naye akahamia nyumba ya kupanga.

Kwa maoni yangu, kazi yake iliyo bora ni ya miaka hiyo ya dhiki. Rangi ikawa nzito, mapambo yakapungua. Paji la uso likapata mwanga, na mengine mengi akayaachia giza. Mwaka wa 1661 aliwachora Waafrika wawili, mmoja ameegemea bega la mwenzake. Katika michoro mingi ya Ulaya ya karne hiyo Mwafrika huwekwa pembeni, mtumishi wa kumpamba bwana. Hawa wawili hawamtumikii yeyote. Wamechoka, wanawaza, na mtazamaji hana budi kujiuliza wanawaza nini.

Uso aliouchunguza zaidi, hata hivyo, ni wake mwenyewe: michoro ya rangi ipatayo 40, tangu ujanani hadi uzeeni. Titus alifariki mwaka wa 1668. Mwaka uliofuata baba alijichora tena, akiwa na umri wa miaka 63, mashavu yamelegea, macho yametulia. Mchoro huo uko London. Eksirei imeonyesha kwamba hapo awali alijichora ameshika brashi. Kisha akaifuta, akaifumbata mikono mitupu.

Alikufa tarehe 4 Oktoba 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi.