Mwana Kupona: Mama Aliyesema Mapema

Leo nataka niwasimulie maisha ya jirani yetu wa zamani. Nasema jirani kwani kutoka hapa Masalani hadi visiwa vya Lamu si mbali sana.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate yapata mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyewatoa jasho askari wa Sultani Seyyid Said wa Unguja. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto, kisha maradhi ya tumbo la uzazi yakamshika, yasimwachie.

Sasa angalieni mama huyu alifanya nini. Hakungoja. Mwaka 1858 alimwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na karatasi na wino, akamtungia utendi wa beti 102: dini, adabu, kuuchunga ulimi, usafi, namna ya kukaa na mume. Yapata mwaka 1860 akafariki. Hashima aliishi hadi 1933, na utendi wenyewe tunausoma mpaka leo.

Mimi nilipousoma nilimkumbuka mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja. Mwaka jana aliacha shule akiwa na mimba. Aliniambia hakujua kama mara moja tu yatosha. Nyumbani aliambiwa akae mbali na wavulana, basi. Kwa nini? Hakuambiwa. Na mimi pia nilikuwa sijui!

Ni kweli, Mwana Kupona aliandika kwa ajili ya zama zake, na mengine aliyosema juu ya mume sisi wasichana tunabishana nayo darasani. Lakini alijua kwamba mtoto huambiwa mapema, mama angali hai. Basi nasi tuambizane: msichana aliyevunja ungo aweza kushika mimba hata mara ya kwanza, na mvulana aliyebaleghe aweza kumpa mtu mimba. Wavulana, msicheke, yanawahusu.

Tena, tangu mwaka 1994 utaratibu wa serikali unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Mwenzangu hilo pia hakuambiwa. Nimemwambia mimi likizo iliyopita. Dawati lake bado namwekea.

Wazee wetu na walimu wetu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tuambieni mapema.