SITI BINTI SAAD: MUUZA VYUNGU ALIYEANZA KUJIFUNZA UKUBWANI



Kamati ya jumuiya imeniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, tunapotimiza miaka miwili tangu darasa la jioni la watu wazima lianzishwe hapa kambini. Nilifikiria marais na majemadari, kisha nikawaacha. Nimemchagua mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu. Sababu mtaiona.

Darasa letu lilipoanza, mabenchi hayakutosha. Siku hizi mabenchi ya nyuma ni matupu. Wengine wamehamishwa na wengine wamepata vibarua huko Kasese, nao tunawatakia heri. Lakini wengi wamebaki hapa hapa kwenye mahema yao, na kilichowaondoa darasani ni haya. Baba mmoja alinieleza kwamba hawezi kushika kalamu mbele ya watoto wa majirani. Mama mmoja, fundi hodari wa kusuka vikapu, alisema kwamba umri wake wa kujifunza umekwisha. Ni kwa ajili ya hao wawili, na wenzao, kwamba naandika habari za Siti binti Saad.

Kuzaliwa kwake

Siti alizaliwa kama mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa. Jina hilo lenyewe latueleza hali ya watu wake. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Watu wa makabila hayo ya bara walifika Unguja kwa maelfu katika biashara ya utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897, wakati Siti alikuwa tayari msichana mkubwa. Hata baada ya hapo, mtu wa asili hiyo aliendelea kudharauliwa kwa mavazi yake, kwa matamshi yake na kwa ukoo wake.

Hakupelekwa shule. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kulima na kufinyanga. Alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavibeba kutoka Fumba mpaka mjini kuviuza. Mwuza vyungu hana duka wala kibao, sauti yake ndiyo inayomtangazia biashara. Siti alipita vichochoroni akinadi vyungu vyake, na watu wakaanza kumtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Ndugu msomaji, nenda Mpondwe siku ya soko uwasikilize akina mama wenye nyanya, ndizi na chumvi ya Katwe. Utaelewa ninachosema.

Kukaa mbele ya mwalimu

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Alikuwa amefika miaka thelathini hivi. Kwa desturi ya siku zile, mwanamke wa umri huo alihesabiwa kuwa amekwisha kujulikana ni nani na atakufa akiwa nani. Yeye alianza upya.

Muziki wa taarabu wakati huo ulikuwa mambo ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeuleta kutoka Misri, na hata alimtuma mtu wake kwenda huko kujifunza kupiga ala. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 ilianzishwa klabu ya Ikhwan Safaa, nayo ilikuwa klabu ya wanaume. Mwanamke wa shamba mwenye asili ya utumwa hakuwa na nafasi yoyote hapo.

Ali Muhsin, mmoja wa watu wa klabu hiyo, alisikia sauti yake akakubali kumfundisha. Alimfundisha kuimba kwa Kiarabu na kupiga ala. Tusipite hapa haraka. Huyu ni mtu mzima ambaye hakuwahi kukaa darasani, anajifunza lugha ngeni, neno kwa neno, kwa kusikia na kushika moyoni. Lazima alikosea mara nyingi. Aliyezoea kushika udongo sasa alishika nyuzi za ala.

Baadaye alijiunga na wanamuziki wengine wakaunda kikundi: Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku, fundi wa muziki kutoka Mombasa ambaye hakuwa na macho ya kuona. Kila mmoja alikuwa na lake la kuwafundisha wenzake. Wakawa wanaitwa kwenye harusi, kwenye nyumba za matajiri, na hata kwenye jumba la Sultani Khalifa bin Harub. Ndipo jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Heshima hiyo haikuja bure. Wenye wivu walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Walitaka arudi kwenye vyungu. Yeye alijibu kwa wimbo, na aliendelea na kazi.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ya Uingereza, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, ilimchukua Siti na kikundi chake mpaka Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Hesabu mwenyewe miaka yake: alikuwa karibu na hamsini. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri. Walirekodi tena miaka iliyofuata.

Santuri hizo zilinunuliwa kwa maelfu pwani na bara. Kabla ya hapo, mwenye gramafoni alisikiliza nyimbo za lugha za watu wengine. Sasa alisikia lugha yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine. Kiswahili hicho ndicho kinachotuunganisha hapa kambini, sisi Wanande na wenyeji wetu Wakonzo, pamoja na wenzetu waliokuja kutoka mbali zaidi.

Nyimbo zake zilisema nini

Siti hakubaki katika kuimba kwa Kiarabu cha jumbani. Akiwa amekwisha kujifunza sanaa ya wakubwa, aliigeuza ikazungumza mambo ya watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji waliokaa wanyonge. Nyumbani kwake watu walikusanyika, wakapashana habari, na habari hizo zikawa nyimbo.

Wimbo mmoja maarufu ni ule wa Kijiti. Unaeleza habari za mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliyechukuliwa kwenye tafrija akauawa. Muuaji alitorokea bara. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Wimbo huo ulilifanya jambo hilo likumbukwe mpaka leo. Sisi tulio wageni mahali pa watu tunajua maana ya kufa ugenini, na maana ya shahidi asiyesikilizwa. Siti aliimba pia habari za wenye mali wanaowadhulumu wanawake na za haki inayokwenda kwa mwenye fedha.

Siku za mwisho

Mwishoni mwa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mwandishi mkuu wa Kiswahili, ambaye alimhoji na kuandika wasifu wake. Hivyo mwanamke ambaye hakusoma shule akawa kitabu cha kusomwa. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wengine walijifunza kwake kwa kumsikiliza tu, na mmoja wao ni Bi Kidude, aliyeendelea kuimba mpaka uzeeni sana na kufariki mwaka 2013. Chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania kilipoanzisha gazeti lake katika miaka ya 1980, kililiita Sauti ya Siti.

Funzo kwetu

Nimalizie na jambo langu mwenyewe. Mimi nilisomea ualimu kwa Kifaransa, ng'ambo ya pili ya mto Lubiriha, na kwa miaka kadhaa niliitwa mwalimu bila wasiwasi. Nilipovuka na kufika Bwera, nikakuta shule za hapa zinafundisha kwa Kiingereza. Cheti changu hakikusema kitu. Nikiwa na miaka zaidi ya thelathini niliomba ruhusa nikakaa nyuma, pamoja na watoto wa praimari ya tano, nikiandika maneno wanayoandika. Walicheka. Wiki ya kwanza niliumia sana. Wiki ya tatu mtoto mmoja alianza kunisahihishia tahajia, na toka siku hiyo mambo yakawa mepesi.

Kwa hiyo nasema hivi. Siti hakuitupa sauti ya kunadi vyungu alipokuwa mwimbaji. Ni sauti ile ile, iliyoongezewa elimu. Nawe mama wa vikapu, hatukuiti darasani ili uache vikapu. Tunakuita ili ujue kuandika hesabu ya wateja wako, kuweka jina lako kwenye kazi yako, na pengine kubuni mapambo ambayo bado hujayawaza. Nawe baba, mtoto anayekuona na kalamu hatakudharau. Atajua kwamba kujifunza si adhabu ya watoto.

Nao ndugu zetu wa mashirika tunawaomba jambo moja. Mnapopanga mafunzo, msituulize umri kabla ya kutuuliza tunajua kufanya nini. Ali Muhsin alianza kwa kusikiliza sauti.

Darasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, chini ya mwembe karibu na bomba la maji. Mabenchi ya nyuma yapo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na elimu haina mwisho.

Mwalimu wa darasa la jioni,
kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Elimu